Kilichofanyika na kilichopatikana: tunajuaje kama hifadhi inahifadhi?

Kila mwaka, kati ya Mei na Juni, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii husomwa bungeni hapa Dodoma. Huwa naisikiliza redioni nikiwa na daftari, nikisubiri sehemu ya ulinzi wa rasilimali. Hesabu huja mfululizo: siku doria zilizofanyika, watuhumiwa waliokamatwa, bunduki, nyaya za kutegea, mifugo iliyokutwa hifadhini, kesi zilizofikishwa mahakamani. Nyuma ya hesabu hizo kuna jasho la kweli. Askari wa wanyamapori hulala nje majuma mazima, hunywa maji ya madimbwi, na wapo waliouawa wakiwa kazini. Siwezi kuidharau kazi hiyo hata kidogo. Ila nikifunga daftari, swali langu huwa bado liko palepale: pori lenyewe limepona?

Chukua mfano mwepesi. Tuseme katika pori fulani mwaka jana zilinasuliwa nyaya 300 za mitego, na mwaka huu zimenasuliwa 600. Askari wamefanya kazi mara mbili, au majangili wameongezeka mara mbili? Namba hiyohiyo inaweza kuwa habari njema au msiba. Mpaka ujue askari walipita wapi, walitembea saa ngapi, na swala wangapi wamebaki, huna la kusema.

Suala hili limekuwa kubwa zaidi tangu Desemba 2022, mataifa yalipokubaliana kule Montreal kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya nchi kavu, maji ya bara na bahari iwe imehifadhiwa. Watu wengi wameishika hiyo 30 na kuyaacha maneno yanayoifuata, kwamba maeneo hayo yasimamiwe kwa ufanisi. Kwa Tanzania maneno hayo ndiyo yenye uzito. Nchi kavu tumeshaitenga zaidi ya robo, kwa hiyo ramani yetu haina njaa ya rangi ya kijani. Tunachodaiwa ni kujua kinachoendelea ndani ya kijani hicho.

Kwanza tuwaweke sawa wenye dhamana, maana hapa wengi huchanganyikiwa. Hifadhi za Taifa kama Ruaha ziko chini ya TANAPA, shirika lililoanza mwaka 1959. Humo hakuna kulima, kuchunga wala kuwinda. Mapori ya akiba, kama Swagaswaga na Mkungunero huku Kondoa na Chemba, au Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Manyoni, yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na sheria inaruhusu uwindaji wa kitalii kwa kibali. Misitu ya Serikali Kuu iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Ngorongoro ina mamlaka yake. Kuna jumuiya za hifadhi za wanyamapori zinazoundwa na vijiji, na kuna misitu ya vijiji vyenyewe. Ukifika baharini unabadilisha wizara kabisa: hifadhi za bahari na maeneo tengefu zinasimamiwa na kitengo kilicho chini ya Mifugo na Uvuvi. Tembo mmoja anayetoka Tarangire akashuka kuelekea Kondoa anaweza kupita mikononi mwa wasimamizi watatu au wanne kwa wiki moja, na yeye hana habari.

Sasa, kupima. Mwaka 2000 wataalamu wa IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, walitoa mfumo unaotumika mpaka leo, wenye hatua sita. Unaangalia hali ya eneo na vitisho vyake, mipango, rasilimali zilizopo (watu, fedha, magari), namna kazi inavyoendeshwa, kilichofanyika, na mwisho kilichopatikana. Hizo mbili za mwisho ndizo naomba msomaji azishike. Siku doria ni kilichofanyika. Tembo anayezaa, mto unaotiririka Oktoba, mwamba wa matumbawe wenye samaki, hivyo ni kilichopatikana. Taarifa zetu nyingi huishia kwenye hatua ya tano.

Kutokana na mfumo huo likatengenezwa dodoso linaloitwa METT, kazi ya shirika la uhifadhi la WWF na Benki ya Dunia, lililotoka mwaka 2002 na kuboreshwa mara kadhaa. Lina maswali yapatayo 30, kila moja likiwa na alama kuanzia 0 hadi 3. Nitatoa moja, linalohusu mpaka. Kama mpaka haujulikani kwa uongozi wa hifadhi wala kwa wakazi, ni 0. Ukijulikana kwa uongozi lakini wakazi hawaujui, 1. Pande zote mbili zikiujua ila haujawekewa alama inavyostahili ardhini, 2. Ukijulikana na alama zipo, 3.

Hilo swali nalipenda kwa sababu linasikika jepesi, na sisi wa kanda ya kati tunajua lilivyo zito. Bikoni ya zege inaweza kusimama katikati ya shamba la mtama, upande huu mashina kumi na upande ule mashina kumi, na mwenye shamba akakuonyesha kaburi la babu yake lililoko ng'ambo. Mgogoro wa mpaka kati ya Mkungunero na vijiji jirani umeendelea miaka na miaka. Tangazo la Serikali linasema hivi, wazee wanasema vile, na kila upande una ramani yake. Mwaka 2019 Serikali yenyewe ilikiri ukubwa wa tatizo hili nchi nzima: katika vijiji na mitaa 975 iliyokuwa na migogoro na maeneo ya hifadhi na mengineyo, 920 viliamuliwa vibaki vilipo. Ukijaza dodoso ukiwa ofisini, mpaka unapata 3, maana bikoni zipo na zimepigwa rangi. Ukilijaza ukiwa kwenye lile shamba la mtama, sijui kama unafika 2.

Na udhaifu mkubwa wa dodoso uko hapohapo. Mara nyingi anayejaza ni msimamizi mwenyewe. Halafu maswali mengi yanahusu watu, vifaa na mipango. Machache sana yanauliza hali ya viumbe. Hifadhi inaweza kupanda alama kwa kununua magari mawili na kuandika mpango wa usimamizi, huku wanyama wakipungua.

Mtu atasema: basi tuhesabu wanyama, yaishe. Ni kweli inabidi tuhesabu, lakini tusidhani ni kazi rahisi. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walikuwa takriban 43,000. Anguko hilo lilitokea ndani ya maeneo yenye majina makubwa, yenye askari, yenye mipango iliyoandikwa vizuri. Doria zilikuwepo. Kilichotufumbua macho ni sensa iliyofanyika angani.

Lakini sikiliza kilichotokea kwenye ikolojia ya Ruaha na Rungwa. Sensa ya 2013 ilikadiria tembo zaidi ya 20,000. Ile ya 2014 ikatoa kama 8,000. Watu wakashtuka, ikarudiwa 2015, ikatoa karibu 16,000. Tembo hubeba mimba miezi 22, hawezi kuongezeka maradufu kwa mwaka mmoja. Ndege ya sensa huruka kwa mistari iliyonyooka, wahesabuji wakatazama ukanda mwembamba kila upande, kisha idadi ya eneo zima ikakadiriwa kutoka kwenye kanda hizo. Makundi makubwa yakikaa katikati ya mistari, hesabu inashuka; yakikutwa ukandani, inapanda. Ndiyo maana sensa moja haitoshi, na ndiyo maana kila namba huja na kiasi chake cha kukosea, ambacho magazeti hukitupa. Tunachohitaji ni sensa za mara kwa mara, kwa njia ileile, majira yaleyale, tuone mwelekeo. Hilo linataka fedha zisizokatika, na kuhesabu ni kitu cha kwanza kukatwa bajeti ikibana, kwa sababu hakuna picha ya kupiga.

Sasa twende Ruaha yenyewe, kwa sababu hakuna mahali panaponifundisha kama pale.

Hifadhi ya Taifa Ruaha ilianzishwa 1964. Uhai wake ni Mto Ruaha Mkuu, ambao baada ya kupita hifadhini unaingia bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Ukisafiri kwa barabara ya Iringa ukafika Mtera, utawakuta kina mama na vijana wanauza perege na kambale pembeni mwa barabara. Maji hayo yanazungusha mitambo ya umeme Mtera, kisha yanashuka Kidatu kuzungusha mingine. Kwa hiyo taa ya nyumbani kwangu Dodoma ina undugu na kiboko wa Ruaha.

Mwaka 1993 mto huo ulikatika ndani ya hifadhi. Tangu hapo umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi, wiki hadi miezi. Viboko hujazana kwenye dimbwi la tope, mamba hutambaa kutafuta penye unyevu, samaki hufa. Na hakuna jangili aliyefanya hayo. Hakuna askari aliyelala. Ungeongeza siku doria mara kumi, mto ungekauka vilevile.

Maji yalikuwa yanaishia juu, kwenye bonde la Usangu mkoani Mbeya, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Mvua ikiisha, mifereji mingi iliendelea kuchota mtoni hata pale mpunga usipoyahitaji, na yaliyobaki yakaishia kwenye ardhi oevu ya Ihefu kabla ya kuvuka kizingiti cha mwamba kuingia hifadhini. Kwa miaka mingi lawama kubwa iliwaangukia wafugaji. Mwaka 2006 wakaondolewa Usangu na ng'ombe wao, safari ndefu ya kusini iliyoacha majonzi katika familia nyingi. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Ruaha, hifadhi ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000 na kuwa kubwa kuliko zote nchini wakati huo. Mto ukaendelea kukauka.

Nimekaa sana kwenye habari hii kwa sababu inabomoa wazo tulilolizoea, kwamba ukipanua mpaka na kuondoa watu umeshahifadhi. Ukubwa ulipatikana. Maji hayakupatikana, kwa kuwa tiba haikugusa ugonjwa. Aliyehitaji kukaa naye mezani ni mkulima wa mpunga, bodi ya maji ya bonde, mhandisi wa mfereji na anayeuza mchele wa Mbeya pale soko la Majengo. Mimi pia, ninayeula.

Baharini mambo ni hayohayo, ila yamejificha zaidi, maana huwezi kupanda kilima ukaona mwamba uliokufa. Hifadhi yetu ya kwanza ya bahari ni ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanza 1995, kilomita za mraba 822, na watu wanaishi ndani yake. Imegawanywa kanda: kuna mahali hakuna kuvua kabisa, kuna mahali pa kuvua kwa masharti, na mahali pa wazi zaidi. Baadaye zikafuata Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma kule Mtwara mwaka 2000, na hifadhi ya silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, Tanga mwaka 2009.

Utafiti ulioongozwa na Graham Edgar, uliochapishwa mwaka 2014, ulipiga mbizi na kupima hifadhi 87 za bahari duniani. Ukatafuta sifa tano: uvuvi umezuiwa kabisa, sheria inasimamiwa kweli, hifadhi imezidi miaka 10, inazidi kilomita za mraba 100, na imetenganishwa na miamba mingine kwa maji ya kina au mchanga. Asilimia 59 ya hifadhi hizo zilikuwa na sifa moja au mbili tu, na humo samaki hawakutofautiana na wa maeneo yanayovuliwa. Yaani zaidi ya nusu zilikuwa hifadhi kwa jina. Zenye nne au tano ndizo zilizokuwa na samaki wakubwa na papa. Miaka mitatu baadaye, utafiti mwingine ulioongozwa na David Gill ukauliza ni nini hasa kinachobashiri mafanikio, ukakuta jambo la kwanza ni watu: hifadhi zenye wafanyakazi wa kutosha zilipata matokeo ya samaki karibu mara tatu ya zile zenye upungufu.

Kwa pwani yetu mfano ulio wazi ni uvuvi wa baruti. Kwa miongo, mlipuko mmoja uliua samaki, vifaranga na matumbawe kwa pamoja, na mvuvi aliyejaribu kuripoti alitishiwa. Boti ya doria peke yake haikufua dafu. Hali ilibadilika sana kuanzia 2016 hivi, vyombo mbalimbali vya dola vilipoungana kufuatilia baruti inakotoka, nani anaisafirisha na kesi inaishia wapi. Adui alifuatwa nchi kavu. Vilevile, katika baadhi ya vijiji vya pwani na visiwani wavuvi hukubaliana wenyewe kufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache, kisha wakaufungua kwa pamoja. Pweza hukua upesi sana, kwa hiyo faida huonekana msimu uleule, na aliyevumilia ndiye anayevuna. Huwezi kupata mlinzi mkali kuliko huyo.

Huku kwetu tulijaribu njia zote mbili, ile ya amri na ile ya makubaliano. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO kama wazee wanavyouita. Milima ya Irangi huko Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo ambayo mtu na ng'ombe wake wangeweza kupotelea humo. Mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wakahamishwa. Nyasi zikarudi, miti ikarudi, na leo ukipita Kolo kwenda kutazama michoro ya mapangoni unaona kijani ambacho waliozaliwa kabla hawakukitarajia. Hayo ni matokeo, siyapunguzi. Lakini maziwa yalipotea kwenye vibuyu, na mifugo haikuyeyuka, ilikwenda kulisha kwa majirani, hadi upande wa Kiteto. Korongo la Kondoa lilipopona, mzigo ulibebwa na nyika nyingine. Ukipima ndani ya mpaka tu, hutauona.

Njia ya pili ilianzia jirani zetu wa Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuutangaza msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Wanakijiji wakapinga, na kwa hofu ya kunyang'anywa wengine wakazidisha kukata. Likachukuliwa wazo la ujasiri: wakabidhiwe vijiji wenyewe. Vikaweka sheria ndogo, vikateua walinzi, vikapiga faini, na msitu ukaanza kujifunga. Mgori mkoani Singida ukafuata njia hiyo, na kule Kiteto msitu wa SULEDO, jina linalotokana na Sunya, Lengatei na Dongo, ukashinda tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Mwaka huohuo Sheria ya Misitu ikautambua rasmi msitu wa hifadhi wa kijiji, kwamba ada na faini zake ni za kijiji. Si kila mahali imefanikiwa. Mkaa una nguvu, na mwenyekiti asiyesoma mapato na matumizi mkutanoni anaweza kuua msitu kuliko shoka. Ila linganisha na misitu ya Serikali ambako kijiji huitwa kushirikiana: wanakijiji walifanya doria bure miaka mingi huku mgawanyo wa mapato ukisubiri makubaliano. Mwenye kubeba gharama bila faida huchoka, na uchovu wake haumo kwenye dodoso.

Gharama hizo nazijua kwa karibu. Mjomba wangu analima mtama na alizeti katika kijiji cha Chemba kinachopakana na pori. Kuanzia Machi mpaka mavuno hulala shambani, juu ya dungu. Nimelala naye. Kuna kamba ya katani iliyozungushwa shambani, imepakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga. Kuna madebe matupu, tochi yenye mwanga mkali, na tofali la mavi ya tembo yaliyokaushwa na pilipili, ambalo likichomwa linakohoza kila kiumbe, sisi tukiwa wa kwanza. Usiku tembo humsikii miguu. Unasikia mtama ukivunjika, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu, halafu tumbo lake linanguruma karibu mno.

Sheria inamjua mjomba. Kuna kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa kifo, na kwa mazao hazikuvuka ekari 5, huku shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani likiwa halilipwi. Viwango hivyo vimezungumzwa na wabunge mara nyingi, na ni haki vizungumzwe. Mwaka alioharibiwa ekari mbili, mjomba alijaza fomu, mtathmini akafika mashina yameshaoza, na kisha ofisi moja ikamwambia karatasi zake hazionekani, aanze upya. Hakuanza upya. Tangu siku hiyo haripoti tembo, na ninaamini haripoti mengine pia anayoyaona akipita kando ya pori.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilichukua nakala ya dodoso nikamsomea maswali machache kwa mwanga wa tochi, likiwemo la mpaka, na lile linalouliza kama jamii jirani zinashiriki katika maamuzi. Alisikiliza bila kunikatiza. Akaniuliza karatasi hiyo hujazwa na nani. Nikamwambia mara nyingi ni mkuu wa hifadhi na wasaidizi wake.

"Na hujazwa mwezi gani, mjomba?"

Nikasema mwezi wowote.

Akasogeza debe karibu, akaikaza ile kamba kwenye nguzo ya dungu. "Wambie waje Aprili," alisema. "Mtama ukiwa umesimama. Nafasi ya kulala ipo."